Somo: Kutengeneza bayodizeli kwa mafuta ya kukaangia yaliyokwisha tumika

Wakuu, habari zenu. Kila kona ya Dar ina kibanda cha chipsi, na kila kibanda kina karai ambalo mafuta yake yatachoka. Yakichoka, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini ili mwingine ayakaangie tena mihogo na viazi, au humwagwa mtaroni. Mimi naamini mahali pake halali ni kwenye tanki la gari la dizeli. Kemia yake inaeleweka. Kinachoua pampu za watu ni vitu viwili: maji yaliyobaki ndani ya mafuta na asidi ambayo haikupimwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza na ya pili nimezieleza kwa kirefu.

Mafuta ya kula ni mazito mno kwa nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini. Tukiyachanganya na methanoli (alkoholi ya viwandani) pamoja na kostiki soda kidogo, yanagawanyika: gliserini nzito inazama, na juu inabaki bayodizeli ambayo wepesi wake unakaribia dizeli ya sheli.

Kwanza usalama. Methanoli ni sumu. Inapofusha na kuua, na huingia mwilini kwa kunywewa, kwa kuvuta mvuke wake na hata kupitia ngozi. Mei 2014 wenzetu Kenya walizika watu wengi waliokunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Moto wake mchana hauonekani. Fanya kazi nje, upepo ukikupita, ukiwa na miwani na glavu za mpira, na ndoo ya maji safi iwe jirani. Watoto wasiwepo kabisa. Barakoa ya kawaida haizuii mvuke huu, usiitegemee.

Na tafadhali, usitumie sufuria ya alumini kwenye hatua yoyote yenye kostiki soda. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni alumini. Kostiki inaitafuna na kutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka. Tumia chuma cha pua au pipa la chuma. Mabati na shaba navyo viache, vinaharibu bayodizeli.

Hatua ya 1: Chuja na ukaushe. Acha mafuta yatulie siku mbili tatu, mimina ya juu tu, uyachuje kwa kitambaa kizito. Kisha yapashe moto polepole hadi yapite nyuzi 100. Yakiwa na maji utasikia yanapasuka na kuruka, kwa hiyo usijaze chombo. Endelea hadi yatulie kimya. Kama bado yanatoa sauti, hayajakauka, na maji yakikutana na kostiki unapata sabuni badala ya mafuta ya gari. Hakuna njia ya mkato hapa. Kazi ya moto iishie hapa kabisa kabla methanoli haijafunguliwa.

Hatua ya 2: Pima asidi. Mafuta kadiri yanavyokaangwa ndivyo asidi inavyopanda. Ya hoteli inayobadilisha kila siku si sawa na ya karai la wiki nzima, hivyo kipimo cha rafiki yako hakikufai. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda ndani ya lita 1 ya maji ya betri (yale maji safi, siyo asidi ya betri). Kwenye chupa nyingine weka mililita 10 za alkoholi ya aisopropili na mililita 1 ya mafuta yako, kwa bomba la sindano. Tia matone ya fenofthalini, dawa ya maabara inayobadili rangi asidi inapokwisha. Ukiikosa, manjano ya jikoni yaliyolowekwa kwenye alkoholi hiyo hiyo yanafanya kazi: yanatoka rangi ya njano na kuwa mekundu.

Sasa dondosha yale maji ya kostiki kidogo kidogo huku ukitikisa, mpaka rangi ibadilike na ibaki hivyo kwa nusu dakika. Kila mililita iliyoingia ni gramu 1 ya kostiki ya nyongeza kwa kila lita ya mafuta. Juu yake weka gramu 5 za msingi. Mfano: zimeingia mililita 2.5, basi unahitaji gramu 7.5 kwa lita, na kwa lita 20 ni gramu 150. Kipimo kikipita mililita 5, ushauri wangu ni kuyapeleka mafuta hayo kwa watengeneza sabuni.

Hatua ya 3: Changanya. Methanoli ni asilimia 20 ya mafuta, yaani mililita 200 kwa lita. Weka kostiki kidogo kidogo ndani ya methanoli, kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, uzungushe taratibu. Litapata joto. Usiongeze mpaka ile ya mwanzo iyeyuke yote.

Mafuta uliyoyakausha yawe yamepoa hadi nyuzi 55. Methanoli huchemka karibu nyuzi 65, kwa hiyo usizidishe, na jiko liwe limeshazimwa na kuondolewa. Mgeni aanze na lita 1 tu kwenye chupa ya soda ya lita 2: mimina, funga, tikisa kwa nguvu, legeza kifuniko kidogo kutoa mgandamizo, rudia. Ukishazoea ndipo uende kwenye pipa la chuma lililofungwa lenye pampu ya kuzungusha, saa nzima. Kukoroga kwa mti kwenye ndoo wazi sikubaliani nako hata kidogo.

Hatua ya 4: Tenga na uoshe. Acha hadi kesho yake. Chini utaona gliserini ya kahawia iliyokolea. Itoe kwa koki. Bado ina methanoli, kwa hiyo usiipeleke ndani wala kuwapa mifugo. Bayodizeli ioshe kwa maji safi nusu ya ujazo wake. Mara ya kwanza nyunyiza tu bila kutikisa, zinazofuata ongeza nguvu, hadi maji yatoke maangavu. Kisha iache ikauke kwenye chombo kipana penye hewa na joto. Iliyokauka ni angavu, unasoma gazeti kupitia chupa yake.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya tanki. Mililita 3 za bayodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa. Ikiyeyuka yote, imekamilika. Ukiona tone la mafuta limezama chini, kuna mafuta ambayo hayakubadilika, irudishe kwenye hatua ya 3. Isiyopita kipimo hiki haiingii kwenye gari.

Kwenye gari: anza na asilimia 20, iliyobaki dizeli ya kawaida. Bayodizeli husafisha uchafu wa miaka mingi ndani ya tanki, na uchafu huo unaishia kwenye filta, hivyo tembea na filta ya akiba. Mipira ya zamani ya mafuta huvimba na kuvuja; badilisha uweke ya Viton, aina ya mpira inayohimili bayodizeli. Usiihifadhi zaidi ya miezi 3.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, niko Njombe. Nilipewa bayodizeli ya Dar, asubuhi ya Julai imeganda kama samli. Imechakachuliwa?
Hapana mkuu. Mafuta mengi ya chipsi ni ya mawese, na bayodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16. Dar hutaliona tatizo hili, Njombe utaliona kila kipupwe. Huko tafuta mafuta ya alizeti yaliyotumika, hayo huvumilia baridi hadi karibu nyuzi sifuri. Na msimu wa baridi usizidishe asilimia 20.

Hiace yangu ina injini ya 5L, ya kaka yangu ni D-4D. Zote sawa?
Sivyo. 5L, pamoja na 2L, 3L na 1HZ ya Land Cruiser, zina pampu ya kizamani na zinavumilia. D-4D ni komoni reli, mfumo wa kisasa wa kusukuma mafuta: mgandamizo ni mkubwa sana na nozeli zake hazisamehe uchafu. Mwambie kaka asiweke ya kutengeneza nyumbani.

Kwa nini nisichuje tu mafuta na kuyatia moja kwa moja? Nasikia injini ya dizeli ilianza na karanga.
Ni kweli, kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mafuta ghafi ni mazito kama mara kumi ya dizeli. Gari litawaka na utafurahi, huku masizi yanajaa kwenye nozeli na ringi zinakwama. Wanaofanya hivyo vizuri hufunga tanki la pili lenye kipasha joto.

Methanoli ni ghali. Gongo je?
Gongo ina maji mengi sana, utapata uji wa sabuni. Hata spiriti ya dukani ina maji ya kutosha kuharibu kazi. Ethanoli inayofaa ni kavu kabisa, zaidi ya asilimia 99, na bado ni ngumu kutenganisha na gliserini.

Huku Arusha tuna mbono kaburi (jatropha) kwenye uzio. Inafaa?
Inafaa, ila mbegu zilizokaa vibaya huwa na asidi nyingi, na mbegu zenyewe na mashudu yake ni sumu kwa mifugo. Pima kama hatua ya 2, na usikamulie kwenye mashine ya mafuta ya kula.

Naweza kuuza?
Kwa gari lako ni jambo moja, kuuza ni jambo jingine. Hapa Tanzania kemikali ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na biashara ya mafuta ya magari iko chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nenda ofisi zote mbili kabla hujanunua pipa la kwanza la methanoli.