Prosesa mpya, skrini nyeusi? Angalia BIOS kwanza

Wanaonunua mazabodi zilizotumika hapa Mwanza, hili liwafikie. Umepachika prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B450, feni zinazunguka, skrini giza. Usikimbilie kurudisha prosesa dukani. Soketi ni ileile ya AM4, ila B450 zilitoka 2018 na Ryzen za 5000 zilianza kuja mwishoni mwa 2020, kwa hiyo BIOS ya zamani (programu ndogo iliyo ndani ya mazabodi, inayoiwasha kompyuta) haiitambui. (Na kadi ya picha unayo? 5600 haina ya ndani.)

Ingia tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina kamili la mazabodi pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye ubao wenyewe. Fungua orodha ya prosesa inazozikubali, uone yako inataka BIOS ipi, kisha pakua faili lake.

Kama nyuma, karibu na matundu ya USB, kuna kitufe cha kupakia BIOS bila prosesa, umepona. Flashi uifomati kwa mfumo wa FAT32, weka faili humo, faili ulipe jina linalotajwa kwenye mwongozo, chomeka kwenye tundu lililowekewa alama, bonyeza. Taa itamwekamweka dakika kadhaa, usiguse kitu. Kitufe hakuna? Azima Ryzen ya 2000 kwa fundi, sasisha, kisha pachika tena ile mpya.

Ila chonde, tumia UPS (kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika). Mvua za radi za huku ziwani mnazijua, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kufa kabisa. UPS huna? Subiri siku anga imetulia, au mpelekee fundi mwenye nayo.