Namna ya Kuufuatilia Uchaguzi wa Kati wa Marekani Uchumi Unapodorora

Sisi Zanzibar humchagua Rais na Wawakilishi kwa pamoja kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo uchaguzi unaofanyika Rais akiwa katikati ya muhula wake hutatiza wengi wanaoujadili barazani. Anza kwa kujua kinachogombaniwa: viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi la Marekani na takriban theluthi moja ya viti 100 vya Seneti. Jina la Rais halimo katika karatasi ya kura, ingawa hasira za wananchi humwelekea yeye.

Kisha tazama hali ya uchumi, lakini usiishie kwenye takwimu moja. Mwaka 2010, ukosefu wa ajira ulipokuwa umepindukia asilimia 9, chama cha Barack Obama kilipoteza viti 63 vya Baraza hilo. Mwaka 2022, licha ya mfumuko wa bei kufikia asilimia 9.1 mwezi Juni, chama cha Joe Biden kilipungukiwa na viti 9 tu na kikabaki na Seneti, kwani suala la utoaji mimba nalo liliwagusa sana wapiga kura. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotabiri matokeo kwa bei ya petroli pekee.

Orodhesha majimbo machache yenye ushindani wa kweli, uyafuatilie hayo. Vituo vya mwanzo kwa kawaida hufungwa saa nane za usiku kwa saa zetu, na California huweza kuhesabu kura kwa wiki kadhaa, basi usimtangaze mshindi alfajiri.