Kabla hujapokea arbuni ya keki ya kwanza

Majirani wakianza kukuuliza kwa nini huuzi keki zako, usikimbilie Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kununua gunia la unga. Ijue oveni yako kwanza. Oka keki ileile mara tano, vipimo vilevile, siku tofauti. Ikiharibika hata mara moja, tafuta sababu kabla mtu hajakulipa.

Wengi tunapewa mapishi na ndugu wa Mombasa au Dar es Salaam, kisha tunashangaa keki ikiumuka haraka na kudidimia katikati. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, ni juu zaidi. Huku kwetu mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, kwa hiyo gesi ya beking poda hutanuka zaidi na keki hupanda kabla haijashika. Punguza beking poda kidogo, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa, ujaribu tena. Na ununue mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa kinaweza kuzidi cha unga uliochekechwa kwa gramu 30, na keki huzihisi gramu hizo.

Halafu moto. Niliwahi kuwa na keki ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, ndani ya oveni, umeme ukakatika ikiwa haijaiva hata nusu. Nilingoja hadi usiku. Nilirudisha pesa yote, na ile sauti ya mama wa bwana harusi kwenye simu sijaisahau. Tangu siku hiyo siokei oda bila gesi au oveni ya mkaa pembeni. Ukitumia mkaa, okea nje au mahali penye hewa ya kutosha. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Usioke hivyo watoto wakiwa wamelala humo.

Bei ndipo wengi tunapoumia. Tuseme viungo ni shilingi 24,000, boksi na ubao 4,000, gesi 3,000, boda 5,000. Jumla 36,000. Ukiuza 40,000 umebaki na 4,000 kwa kazi ya saa nne, na hujahesabu mayai yaliyovunjika njiani wala keki iliyoungua juzi. Andika kila kitu kwenye daftari, hata mfuko wa plastiki. Shangazi akiomba bei ya undugu, mwonyeshe daftari kwa heshima. Mara nyingi ataelewa.

Makaratasi hayatishi: jina la biashara husajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutoka URA, mamlaka ya mapato, leseni ya biashara hutolewa na KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, au halmashauri ya mji wako. Ukitaka mikate yako ipangwe madukani, itabidi uende UNBS, shirika la viwango la Uganda, kutafuta alama ya ubora, ile ya Q. Anza kuulizia mapema.

Chukua nusu ya malipo kwa mobile money kabla hujavunja yai la kwanza, na mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi: ukubwa, rangi, jina litakaloandikwa juu, saa ya kuchukua. Krimu ya siagi huyeyuka juani, kwa hiyo keki itoke asubuhi. Safari ya kwanza panda boda mwenyewe ukiwa umeipakata, uone mashimo ya barabara yanaifanya nini.