SOMO: Namna ya kuukagua mto kwa wadudu wake (Zigi, Mkulumuzi na vijito vya Tanga)

Imeandikwa na: MtuWaZigi

Kila masika yakikatika maswali ni yale yale: "Nyinyi huko mnapimaje mto bila maabara?" Nimejibu kwenye magrupu ya WhatsApp, nimejibu kwa sauti, nimejibu hadi msibani nikiwa nimeshika sahani ya pilau. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena atatumiwa ukurasa huu.

Kwanza msimamo wangu, mkitaka mkasirike. Makundi mengi ya mazingira huanzia kwenye kupanda miti: fulana, mgeni rasmi, picha, miche inashushwa kwenye gari, na mwezi unaofuata mbuzi wameshamaliza kazi. Mimi nasema anzeni kwa kuujua mto wenyewe. Ukimwonyesha mkulima mdudu aliyemtoa mwenyewe chini ya jiwe, kwenye kijito anachokivuka kila siku kwenda shamba, mazungumzo ya kutolima hadi ukingoni yanakuwa mengine kabisa. Miti itakuja, wala haina haraka.

Kwa mgeni: Mto Zigi unatoka juu Usambara Mashariki, upande wa Amani, unapokea Kihuhwi, unaingia bwawa la Mabayani, na hapo ndipo maji ya Tanga mjini yanapochukuliwa. Anayelima miwa ukingoni kule Muheza na anayefungua bomba Chumbageni wanatumia mto mmoja, ila hawajawahi kusalimiana.

Vifaa: beseni jeupe (jeupe, si la maua), kijiko cha plastiki, brashi laini ya rangi, lenzi ya kukuzia, daftari na penseli. Kalamu ya wino ikilowa huna kumbukumbu. Gambuti na glavu. Na wavu, ambao una habari yake hapo chini.

HATUA YA 1. Chagueni sehemu moja yenye mawe na maji yanayokwenda mbio, kina kisipite magoti. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji. Mkirudi, rudini hapo hapo.

HATUA YA 2. Tengenezeni wavu. Someni hapa polepole. Msitumie chandarua cha mbu. Narudia: MSITUMIE CHANDARUA CHA MBU, hata kikuukuu, hata kilichofuliwa mpaka kikapauka. Vyandarua vinavyogawiwa zahanati na shuleni vimetiwa dawa ya muda mrefu, na dawa hiyo haiui mbu peke yao, inaua na wadudu wa majini na samaki. Kundi letu lilianza nacho. Tukamwaga beseni la kwanza: vidudu vikaanza kujizungusha, vikapinda mgongo, vikalala chali. Watoto wakapiga kelele kwamba mto una sumu, na kabla hatujafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika sokoni kwamba kuna mtu ametia sumu mtoni. Tulihitaji kikao cha kijiji kuyamaliza. Kwa hiyo nunueni kitambaa cha pazia la neti, kile chepesi cha madirishani, matundu yake yawe madogo kama punje ya chumvi ya mawe iliyosagwa. Kishoneni kwenye fremu ya waya mgumu, mpini wa ufagio. Kama hamna uhakika na kitambaa, wekeni kipande kwenye ndoo ya maji ya mto pamoja na viluwiluwi vichache, muache usiku mzima. Wakiamka wazima, endeleeni. Na kile chandarua cha zamani msikifulie mtoni pia, maana balaa ni lile lile.

HATUA YA 3. Ngojeni maji yatulie. Mvua kubwa ikinyesha mto unasombwa na wadudu wanasombwa nao, hivyo ukipima kesho yake utapata beseni tupu na utaandika uongo. Subirini kama wiki mbili. Sisi hupima kiangazi baada ya masika, na tena kabla vuli haijashika.

HATUA YA 4. Nendeni na mzee wa pale na watoto wa pale. Mzee hatoki kwa ajili ya chai. Anajua kidimbwi kilikuwa na kina gani, kamba walikuwa wakishikwa wapi, chemchemi gani ilikatazwa kuchotwa na sufuria lenye masizi. Wa kwetu alituonyesha shina la mkuyu lililobaki katikati ya mchanga, akasema ukingo ulikuwa pale. Hakuna ramani ingetuambia. Watoto nao ndio wenye macho. Mtu mzima haoni mdudu wa nusu sentimita bila kuinama, na hataki kuinama.

HATUA YA 5. Mmoja ashike wavu mto unakoelekea, mwingine asimame mbele ya wavu kidogo, upande maji yanakotoka, achokoe mawe kwa mguu na kuyasugua kwa mkono kwa dakika tano hivi. Geuzeni pia majani yaliyoinamia majini. Mwageni kwenye beseni lenye maji safi ya mto, mkae kimya dakika mbili. Mwanzoni mtaona takataka tu, baadaye takataka zitaanza kutembea.

HATUA YA 6. Tambueni makundi. Hamhitaji majina ya kitaalamu. Mwenye mikia miwili, miguu yenye kucha, anatambaa kwenye jiwe: huyo ni wa thamani, hakai kwenye maji machafu. Mwenye mikia mitatu na vijani vinavyopepea ubavuni, ni matamvua yake ya kupumulia. Mwenye kujijengea nyumba ya punje za mchanga au vipande vya majani, ukimgusa kichwa kinaingia ndani. Watoto wa kerengende, wanene au wembamba. Kaa na kamba. Konokono. Ruba. Minyoo. Na wale wekundu wembamba wanaojikunja: wekundu wao unatokana na kitu kile kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, kinawasaidia kushika hewa kidogo iliyomo kwenye matope. Ukikuta hao tu, mto umechoka.

HATUA YA 7. Toeni alama. Tunafuata utaratibu wa Afrika Kusini uitwao miniSASS, una makundi 13. Kwa mfano, mikia miwili ana 17, wengi wa mikia mitatu 11, mjenga nyumba 9, kaa na kamba 6, kerengende mnene 6, konokono 4, ruba 2, minyoo 2. Hauhesabu wangapi, unahesabu makundi mangapi. Jumlisha alama, gawa kwa idadi ya makundi. Wataalamu wetu wana kipimo cha mito ya Tanzania, TARISS, ila kinataka mtu aliyefundishwa. Alama zenu linganisheni na za kwenu wenyewe za mwaka jana, msishindane na mto wa jirani.

HATUA YA 8. Rudisheni wadudu majini. Someni matokeo kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili cha kawaida.

TAHADHARI: Kipimo hiki hakisemi kama maji ni salama kunywa. Vijidudu vya kuharisha na kipindupindu havionekani kwa lenzi. Chemsheni. Penye maji yaliyolala na konokono wengi pana uwezekano wa kichocho, msiingie pekupeku. Na huku chini karibu na baharini ulizeni wenyeji kuhusu mamba kabla ya kuvua viatu.

—— MASWALI ——

Jembe_la_Maramba: Naomba muhtasari mkuu, ni ndefu sana.

MtuWaZigi: Muhtasari: soma.

kijana_wa_Pongwe: Tumejaribu jana na neti ya mama mjamzito tuliyopewa kliniki, wadudu wote wamekufa. Je, mto wetu una sumu?

MtuWaZigi: Hatua ya 2. Nimeandika kwa herufi kubwa.

kijana_wa_Pongwe: Nilianzia hatua ya 5 kaka.

MtuWaZigi: Nimeona.

Mwl_Bagamoyo: Shikamoo. Mimi ni mwalimu huku Bagamoyo, nina klabu ya mazingira. Mto wetu ni Ruvu, hauna hata jiwe moja, ni mchanga na tope. Na una viboko. Tunaweza kufanya nini, au somo hili si letu?

MtuWaZigi: Marahaba mwalimu, swali zuri sana. Kwanza, Ruvu wenyewe msiingie, wala Wami. Mamba na viboko hawajui klabu. Tafuteni kijito kidogo kinachoingia humo, chenye maji ya kifundo cha mguu, na mtu mzima asimame ukingoni kazi yake kutazama tu. Pili, pasipo mawe, wadudu wanakaa kwenye mimea ya ukingoni. Pitisheni wavu chini ya matete na nyasi zilizoinamia, mkisukuma mbele na nyuma, mara nyingi. Tatu, msitegemee yule wa mikia miwili, yeye anapenda maji baridi ya mlimani yanayokwenda kasi. Kumkosa Bagamoyo si dalili ya uchafu. Mto wa mchanga una jedwali lake la kusomea jibu, tofauti na la mto wa mawe, kwa hiyo msichanganye. Nne, waambieni wanafunzi maji ya Ruvu ndiyo yanayosukumwa kwenda Dar es Salaam. Watoto wangu walipojua maji ya kijito chao yananywewa mjini walianza kufukuza bodaboda wanaooshea pikipiki mtoni, mpaka ikabidi niwatulize.

Mwl_Bagamoyo: Asante sana. Nitaleta matokeo.

Mtaalamu_Halisi: Samahani, hii si sayansi. Ubora wa maji hupimwa maabara. Mnapotosha watu kwa kuhesabu minyoo.

MtuWaZigi: Nimesema wapi maabara ifungwe? Maabara inakupa habari ya maji uliyoyachota saa ile. Korona (kiwanda cha kusindika mkonge) ikimwaga maji ya mkonge usiku, yakaoza mtoni yakamaliza hewa, wewe ukafika na chupa yako saa nne mchana baada ya yote kupita, chupa itasema shwari. Mtoto wa kerengende amekaa pale miezi. Hana pa kwenda. Kama hayupo, kuna kilichompata. Wadudu wanatuambia lini twende maabara, maana kila kipimo ni pesa na kijiji hakina. Na utaratibu huu umetengenezwa na wanasayansi, si na mimi.

Mtaalamu_Halisi: Bado nasema.

MtuWaZigi: Sema.

binti_Makorora: Nyongeza kuhusu wavu. Kama hamna fundi wa kushona, chujio kubwa la plastiki la kuchujia tui linafaa kwa kijito kidogo. Ila liwe jipya au limeoshwa sana, mafuta ya nazi yanaziba matundu. Na baada ya hapo lisirudi jikoni, mama aligombana na mimi.

MtuWaZigi: Dada, hii sikuijua. Nitaijaribu. Kwa watoto wa darasa la tatu ni nyepesi kuliko mpini.

Mkulima_Kihuhwi: Mimi nina swali tofauti. Nimesikia mita 60 kutoka mtoni hairuhusiwi. Shamba langu lote ni mita 60. Watoto wale nini?

MtuWaZigi: Mjomba, hili ni swali la haki na wengi wanaolipita hawana shamba mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo. Kwa hiyo kinachouma ni jembe: unapolima ukafika majini, mvua moja inashusha udongo, udongo unajaza nafasi kati ya mawe, na hapo ndipo wadudu wote niliowataja walikuwa wanaishi. Waliokuzunguka wengi wamehamia kwenye majani ya ng'ombe, matete na gwatemala, unakata na kubeba bila kufukua udongo. Na kwa juu kidogo, mdalasini na iliki chini ya kivuli. Usifanye peke yako. Wakulima wa huko wana umoja wao, UWAMAKIZI, waone. Na ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, waulize kabla ya kupanda chochote cha kudumu. Usiende kugombana, nenda na ramani ya shamba.

Mkulima_Kihuhwi: Ng'ombe ninaye mmoja. Gwatemala naipata wapi?

MtuWaZigi: Kwa jirani, bure. Chukua vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, panda mwanzo wa mvua kwa mistari ya kukinga mteremko. Mistari ishuke na maji umepoteza kazi.

Fundi_Majani: Na mikaratusi ukingoni? Inakua haraka, nguzo zina bei.

MtuWaZigi: Usithubutu karibu na chanzo cha maji. Inakunywa sana.

Fundi_Majani: Basi msizi? Kule Amani umejaa.

MtuWaZigi: Umejaa ndiyo tatizo lenyewe! Uliletwa na watu wa misitu, hondohondo wakapenda matunda, wakasambaza mbegu, sasa unasukuma miti ya asili ya Usambara. Ukingoni weka mkuyu. Unashika udongo, unazaa matunda ya ndege, na vijiti vinene vya mkuyu hushika ukivichomeka msimu wa mvua.

Fundi_Majani: Vijiti vya unene gani?

MtuWaZigi: Kama mkono wa mtoto, urefu wa mtu, theluthi moja iende chini. Kata kwa mshazari upande wa chini usije ukapanda kichwa chini. Zungushia miiba, mbuzi wanakujua.