Jinsi ya kuandika historia ya ligi ya netiboli ya Australia katika daftari moja

Nimecheza netiboli miaka mingi nikivaa GK, yaani mlinzi wa goli, na jambo la kwanza ambalo mlinzi hufundishwa ni hili: usiukodolee macho mpira, mshike mtu wako. Nilipoanza kuandika historia ya ligi kuu ya Australia nililisahau. Nilikimbizana na majina ya ligi na ya wadhamini, nikajikuta na kurasa arobaini zisizoelewana. Nikazichana, nikaanza upya kwa kuishika timu moja moja tangu ilipozaliwa hadi ilipofia au ilipofika. Ndivyo ninavyokuelekeza hapa.

Tafuta daftari kubwa la jalada gumu. Fungua kurasa mbili zinazotazamana, andika miaka kwenda chini kuanzia 1997, msimu mmoja mstari mmoja. Ligi ya kitaifa ilikuwepo hata kabla, tangu 1985, lakini 1997 ndipo ilipoanza ligi iliyoitwa Commonwealth Bank Trophy, na timu mbili za siku ile bado zinacheza leo kwa majina yaleyale. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, kwenye magazeti ya kabla ya 1970, usitafute neno netiboli. Waaustralia waliuita mchezo huu mpira wa kikapu wa wanawake mpaka mwaka huo.

Sasa chukua kalamu nyekundu na rula, upige mistari miwili kukata ukurasa mzima: mmoja kati ya 2007 na 2008, wa pili kati ya 2016 na 2017. Juu ya mstari wa kwanza ni Commonwealth Bank Trophy, misimu 11. Katikati ni ANZ Championship, misimu 9, ambayo Australia iliichanganya na New Zealand, timu tano kwa tano. Chini ni Suncorp Super Netball, ambamo Australia ilirudi kucheza peke yake na timu nane. Angalia usiteleze hapa: New Zealand nao mwaka huohuo wa 2017 walianzisha ligi yao, ANZ Premiership. Majina yanakaribiana mno, na nimeona watu wazima wenye heshima zao wakimpa bingwa wa ligi hii kombe la ligi ile.

Kabla hujaandika bingwa hata mmoja, jaza timu. Najua mkono unawasha kuandika mabingwa. Uzuie. Mabingwa utawakuta popote, ila timu zilizokufa hazina wa kuzisemea.

Mwaka 1997 ziandike hizi nane, kila moja na safu yake: Adelaide Thunderbirds, Adelaide Ravens, Melbourne Phoenix, Melbourne Kestrels, Sydney Swifts, Sydney Sandpipers, Queensland Firebirds na Perth Orioles. Shuka nazo. Ukifika 2003, Ravens hawapo na AIS Canberra Darters wameingia. Mwaka 2004 Sandpipers nao wametoka, wameingia Hunter Jaegers. Weka msalaba mdogo pale safu inapokoma, kisha anza safu mpya pembeni. Usiwaandike Darters chini ya Ravens kana kwamba ni timu ileile. Nafasi katika ligi ilirithiwa, timu haikurithiwa.

Mstari wa 2008 ndio mgumu kuliko yote, na ndio ulionifanya nichane zile kurasa. Australia ilibakiwa na nafasi tano tu. Phoenix na Kestrels waliunganishwa wakawa Melbourne Vixens. Sydney Swifts na Hunter Jaegers waliunganishwa wakawa New South Wales Swifts. Perth Orioles wakabadilika kuwa West Coast Fever. Darters wakaishia hapo. Waliovuka na majina yao ni Thunderbirds na Firebirds pekee. Mimi natumia alama tatu: mstari mnyoofu kwa timu iliyoendelea, mistari miwili inayokutana kwa muungano, na mstari wa nukta kwa iliyobadili jina. Mwanzoni nilikuwa nimewapeleka Swifts moja kwa moja kutoka Sydney hadi New South Wales kwa mstari mnyoofu. Binti mmoja ninayemfundisha, anacheza WA, yaani mshambuliaji wa pembeni, aliinama juu ya daftari akaniuliza, "Mwalimu, na Hunter wameenda wapi?" Nilifuta mstari ule palepale.

Upande wa New Zealand, ongeza safu tano kwa miaka 2008 hadi 2016 tu: Northern Mystics, Waikato Bay of Plenty Magic, Central Pulse, Canterbury Tactix na Southern Steel. Chini ya mstari wa pili zinakoma kwenye daftari hili. Hapo wanaingia Giants, Collingwood na Sunshine Coast Lightning kujaza nane. Collingwood walicheza mpaka 2023, na 2024 wakaingia Melbourne Mavericks. Safu mpya tena, msalaba tena.

Haya, sasa mabingwa. Kwa Commonwealth Bank Trophy zungushia Phoenix 1997, 2000, 2002, 2003 na 2005. Thunderbirds 1998 na 1999. Sydney Swifts 2001, 2004, 2006 na 2007. Kwa ANZ Championship: Swifts 2008, Vixens 2009 na 2014, Thunderbirds 2010 na 2013, Firebirds 2011, 2015 na 2016, na Magic 2012, timu pekee ya New Zealand iliyowahi kulitwaa. Kwa Super Netball: Lightning 2017 na 2018, Swifts 2019 na 2021, Vixens 2020 na 2025, Fever 2022, Thunderbirds 2023 na 2024.

Ukimaliza, utaona kwa nini nilikuzuia. Mtu akikuuliza Swifts wana makombe mangapi, utamjibu saba au tatu? Ni saba ukihesabu ya Sydney, ni tatu ukianzia 2008. Na Vixens ni manne, au tisa ukiwapa matano ya Phoenix? Mimi siyajumlishi. Muungano una wazazi wawili, na kuwapa Swifts makombe ya Sydney huku Jaegers wakisahaulika naona ni dhuluma kwa wasichana waliovaa jezi ya Hunter. Ukiamua kujumlisha, jumlisha kwa timu zote, na uandike uamuzi wako juu ya ukurasa ili msomaji aujue. Kwa Thunderbirds hakuna ubishi: makombe sita, katika enzi zote tatu, jina moja.

Safu ya mwisho kulia iwe ya kanuni. Watu wengi huiruka, nami naiona ndiyo inayotofautisha orodha na historia. Mwaka 2017 ushindi ulikuwa pointi 2, hivyo kwa mechi 14 timu haingeweza kuzidi 28. Mwaka 2018 na 2019 ushindi ukawa pointi 4, na kila robo ya mechi uliyoshinda, kati ya nne, ikakuongezea 1, yaani mechi moja iliweza kukupa 8 na msimu mzima 112. Mwaka 2020 pointi za robo ziliondolewa na kilele kikawa 56. Basi usilinganishe misimamo ya miaka hiyo bila kutazama safu hii. Fever walipokatwa pointi 12 katika msimu wa 2021 kwa kuvuka kikomo cha mishahara, hizo zilikuwa sawa na ushindi wa mechi tatu, na bado walifika hatua ya mtoano.

Andika pia, kwa kalamu nyingine, kwamba 2020 ndipo lilipoingia goli la pointi mbili. Katika dakika tano za mwisho za kila robo, mfungaji akitupa akiwa kati ya mita 3 na mita 4.9 kutoka kwenye nguzo, goli linahesabiwa mara mbili. Msimu huo ulichezwa wote Queensland kwa sababu ya korona. Kwa hiyo 66–64 ya fainali ya 2020, Vixens dhidi ya Fever, si mabao ya aina moja na 69–67 ya fainali ya 2016, ambapo Firebirds waliwashinda Swifts baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Mlinzi yeyote atakuambia: kanuni hii inakutoa chini ya pete na kukupeleka ukingoni mwa duara.

Malipo weka mstari mmoja tu, lakini usiuache. Makubaliano ya 2016 yalipandisha mshahara wa chini kutoka dola za Australia 13,250 hadi 27,375 kwa msimu wa 2017.

Majina ya wachezaji yape kurasa za nyuma, kila mtu na njia yake. Jhaniele Fowler wa Jamaika utamkuta Southern Steel tangu 2013 katika ANZ Championship, tena Steel 2017 katika ANZ Premiership, kisha Fever kuanzia 2018. Mwai Kumwenda wa Malawi alipita Tactix kabla ya kuhamia Vixens, akatwaa nao ubingwa wa 2020. Peace Proscovia wa Uganda alivaa jezi ya Lightning. Ukiwaandika hivi, utaona njia za Fowler na Kumwenda zinavuka ule mstari mwekundu wa pili uliouupiga mwanzoni.

Sasa ujipime. Hesabu miduara ya mabingwa kuanzia 1997 hadi 2025: iwe 29. Hesabu misalaba ya timu zilizotoka moja kwa moja, ukiacha za New Zealand: Ravens, Sandpipers, Darters, Collingwood, minne. Ukipata mitatu, rudi 2008 uwatafute Darters. Wao ndio husahaulika.