Msitu na maporomoko ya ardhi: mlimani miti ipandwe wapi

Mlima uliofyekwa mara nyingi hauporomoki mwaka huohuo, na hapo ndipo wakulima wengi wanapodanganyika. Masika ya kwanza yanapita salama, ya pili yanapita, shamba jipya linastawi, na mtu anaamini ule msitu haukuwa na kazi yoyote. Kumbe mizizi iliyobaki ardhini bado inashikilia udongo huku inaoza taratibu. Hatari huwa kubwa zaidi takribani kati ya mwaka wa 3 na wa 15 baada ya kukata, mizizi ya zamani ikiwa imekwisha na mipya haijashika. Mvua kubwa ikiangukia kipindi hicho, lawama zote huipata mvua.

Mizizi minene hushuka chini na, ikipata nyufa za mwamba, huufunga udongo kwenye mwamba huo. Ile myembamba hutandaa pembeni na kusukana na ya mti jirani. Miti pia hunywa maji ya ardhini, na matawi hunasa sehemu ya mvua ambayo hukauka bila kufika chini. Lakini masika yakikolea na udongo ukishiba, faida hiyo ya kupunguza maji hupungua sana. Maji yaliyojaa kati ya chembe za udongo huzisukuma ziachiane, na kinachobaki kuzuia ni mizizi.

Tuseme wazi pia kwamba miti huzuia zaidi maporomoko ya juujuu, yenye kina cha mita 1 au 2. Mlima ukikatika kwa kina cha mita 10 au 20, mizizi haifiki huko, na msitu hushuka pamoja na udongo. Anayekwambia panda miti kisha ujenge popote, usimsikilize.

Kwanza pima mwinuko. Chukua fito ya mita 2, ishike mlalo kabisa, ncha moja ikigusa mteremko na nyingine ikielea upande wa bondeni. Pima kutoka ncha inayoelea wima hadi ardhini. Ikizidi sentimita 115, mwinuko umevuka digrii 30, na hapo sishauri jembe kabisa, paachie msitu.

Kisha tafuta vibonde, ile mikunjo ya mlima ambako maji ya pande mbili hukutana. Maporomoko mengi ya juujuu huanzia humo, hata pale ambapo mwinuko hautishi, kwa sababu udongo ni mnene na hulowa kuliko mgongoni mwa mlima. Kama una miche michache, usiigawe sawasawa shamba zima. Jaza vichwa vya vibonde kwanza, halafu kingo za vijito.

Changanya miti ya mizizi mirefu, vichaka na nyasi. Miche haishiki udongo mwaka wa kwanza, hivyo nyasi kama vetiva, zenye mizizi inayoweza kushuka mita 2 au zaidi, husaidia wakati miti inakua. Visiki usivying'oe. Kisiki kinachochipua kina mizizi hai tayari, na kukitunza ni rahisi kuliko kuanza na mche. Ukihitaji mbao au kuni, vuna mti mmojammoja, ukiwaacha majirani zake wamesimama.

Suala la mifereji linahitaji uangalifu. Matuta na makinga maji yanayotuamisha maji ni mazuri kwenye mteremko wa wastani, lakini kwenye mteremko mkali wenye historia ya kuporomoka yanaingiza maji ardhini pale pasipotakiwa. Hapo chimba mfereji wenye mteremko mdogo unaotoa maji pembeni hadi kwenye njia ya maji iliyooteshwa nyasi. Usiyaelekeze kwenye kibonde kilichofyekwa, wala shambani kwa jirani aliye chini yako. Na kuchonga kitako cha mlima ili kupata kiwanja au barabara huondoa kinachoushikilia. Msitu wa juu hautakuokoa na hilo.

Kagua kabla na wakati wa mvua. Shina lililopinda karibu na ardhi kisha likanyooka huashiria udongo unaosogea polepole kwa miaka. Ufa mpya wenye umbo la mwezi mwandamo juu ya shamba, chemchemi iliyotokea ghafla, au mlango wa nyumba ulioanza kukwama ni dalili za karibu zaidi. Ufa uliopo juu ya makazi usisubiri kuujaza: hamisha watu kwanza, kisha mjulishe kiongozi wa eneo. Kijito kikipungua au kuchafuka ghafla huku mvua inanyesha, huenda kimezibwa huko juu. Ondoka ukielekea pembeni, juu ya mgongo wa mlima, wala usikimbie kufuata bonde.