Jinsi ya Kupima Umeme wa Ubongo
Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho daktari Mjerumani Hans Berger alikifanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, hakihitaji kupasua fuvu, bali ngozi safi ya kichwa. Kwa hiyo mgonjwa anayevuka ziwa kutoka Ukerewe kuja Mwanza aelezwe mapema, tena kwa upole, afumue nywele na kuziosha bila kupaka mafuta. Pima kwa futi kamba kuanzia pua inapoanzia, katikati ya macho, hadi kinundu cha kisogoni. Weka alama kwa asilimia 10 na 20 za urefu huo, kisha usugue ngozi taratibu na kubandika elektrodi, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyopokea umeme wa ubongo, kwa jeli. Mwombe afumbe macho. Mawimbi ya alfa, yaani mawimbi ya umeme wa ubongo uliotulia, 8 hadi 13 kwa sekunde, kwa kawaida huonekana kisogoni. Yasipoonekana, kagua elektrodi kwanza, wala usidhani ni ugonjwa, kwani hata baadhi ya watu wenye afya hawanayo.